Mita Kumi za Ndani ya Boksi

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, sifa za detekta mpya ya dhahabu hufika kabla ya detekta yenyewe. Mzigo bado uko baharini, au umekwama kwenye foleni ya malori mpakani Kasindi, na tayari watu wanajua kwamba mashine inaona mita kumi chini, inatenganisha dhahabu na chuma, na ina skrini ya rangi. Haipiti wiki, mita kumi zimekuwa ishirini. Habari ikifika Beni, ni thelathini. Sijui kifaa kingine kinachochimba namna hiyo kikiwa bado kwenye boksi.

Ubishi wangu ni mmoja: kina hakiamuliwi na mashine peke yake. Koili ya mashine hurusha nguvu ya sumaku ardhini, na kipande cha madini hujibu kwa sumaku yake hafifu. Kwa kipande kidogo kilicho mbali, ukizidisha kina mara mbili, sumaku inayoshuka hupungua mara 8, na jibu linalopanda hupungua mara 8 tena. Jumla mara 64. Basi fundi akijizeesha kutengeneza mashine yenye masikio makali mara 64, punje iliyosikika sentimita 15 chini itasikika kwenye 30. Ndiyo faida yote. Koili kubwa hufika chini zaidi, ila punje ndogo huzipita bila salamu, na udongo mwekundu wenye chuma una kelele zake. Tena dhahabu inayooshwa kwa karai kwenye mito ya Lubero mara nyingi ni vumbi, na mbele ya vumbi detekta hukaa kimya kama shahidi aliyekwisha kupewa kitu kidogo.

Nitaambiwa ufundi umepiga hatua. Umepiga kweli. Mashine za mapigo, zinazotuma umeme kwa vishindo vifupi kisha zikanyamaza kusikiliza, huuvumilia udongo wa chuma kuliko za zamani. Tatizo ni kwamba nyingi hazijui vizuri kutenganisha chuma na dhahabu. Matokeo yake mtu anachimba asubuhi nzima, anapata kifuniko cha bia ya Primus. Halafu msumari. Halafu mkebe wa sardini, ambao hulia kwa mbwembwe kuliko tola nzima ya dhahabu. Na pembezoni mwa Beni, baada ya miaka yote hii ya vita, kinacholia kinaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka. Hapo mzaha unakoma na jembe linawekwa chini.

Mwingine atanitajia Australia: mwaka 1980, huko Kingower, detekta iliibua bonge la dhahabu la kilo 27. Sawa, lakini lilikuwa kwenye sentimita 30 hivi, urefu wa rula ya mwanafunzi. Wanaoahidi zaidi ya hapo, hasa wenye vijiti vya antena visivyo na koili, wakumbuke kwamba mwaka 2013 Mwingereza James McCormick alihukumiwa miaka 10 jela kwa kuuza vya namna hiyo kama vigunduzi vya mabomu. Mtindo wa vijiti vyake ulitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu.

Kwa hiyo mnunuzi aombe jaribio kabla ya kutoa dola: pete ya dhahabu izikwe mita moja tu, tusifike kumi. Muuzaji mjanja atajibu kwamba kitu kilichozikwa leo hakisikiki, sharti kwanza kikae miaka mingi kizoeane na udongo. Basi mteja azike pete yake, aondoke na dola zake, na mjukuu wake aje kuijaribu mashine.