Jinsi ya Kutafuta Dhambi Iliyofichika Bila Hatari ya Kuiona

Mpendwa, dhamiri lazima ichunguzwe, hilo halina mjadala. Ila wapo waliojichunguza mpaka wakaiona dhambi yenyewe, na tangu siku hiyo hawajakaa kwa raha. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka baraka za kujichunguza bila hasara zake.

Hatua ya kwanza: chagua saa. Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichapishwa mwaka 1548, alitaka mtu ajikague mchana, kisha tena jioni. Ya mchana iache. Mchana mambo bado mabichi: ndiyo kwanza umemwambia mteja mzigo wake uko njiani, na hata hujauagiza. Ngoja mkesha wa Ijumaa, saa nane za usiku, spika zikinguruma. Hapo dhamiri hata ikisema haisikiki.

Hatua ya pili: anzia kwa jirani. Mungu ameyaweka macho yatazame mbele; wewe ni nani umpinge? Kagua sketi za wanakwaya, gari jipya la mzee wa kanisa, na saa anayorudi binti wa mwenyekiti wa jumuiya. Ukiona jambo, usipige umbea, umbea ni dhambi. Leta ombi: “Wapendwa, tumkumbuke ndugu yetu mmoja, jina silitaji, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu.”

Hatua ya tatu: tafuta roho wa kumsingizia. Kama Mangi wa dukani anakudai elfu arobaini na tano tangu Krismasi, hilo si kosa lako. Ni roho ya madeni iliyoufuata ukoo wa baba yako. Ikemee kwa sauti, funga siku tatu. Mangi, asiyejua habari za vita vya kiroho, atazidi kuandika kwenye daftari.

Hatua ya nne: ukibanwa uungame, ungama dhambi zenye sura nzuri. Una huruma kupita kiasi. Unawaamini watu upesi. Unaitumikia kazi ya Bwana mpaka unasahau kula. Au zidisha idadi: Martin Luther, alipokuwa mtawa, inaelezwa kwamba aliweza kumwungamia mlezi wake, Johann von Staupitz, hata kwa saa sita. Luther alifanya hivyo kwa uchungu wa kweli. Wewe uchungu mwachie, chukua urefu tu. Taja kusinzia wakati wa mahubiri, taja kukitamani kitenge cha mwenzako. Ukifika kwenye mizani ya dukani kwako, padri atakuwa anatazama saa. Na ile sala ya Nakuungamia inapotaja mawazo, maneno, vitendo na kutotimiza wajibu, hiyo ya nne ipite mbio. Ndiyo yenye namba ya mama yako kijijini, ambaye simu zake huzipokei mwisho wa mwezi.

Hatua ya tano, na ndiyo kubwa: usitaje kiasi wala jina. Soma Yoshua sura ya 7. Yoshua alisogeza kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, mpaka akamfikia Akani. Akani akataja kila kitu: joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, kabari ya dhahabu ya shekeli 50, na mahali alipovifukia, chini ya hema lake. Akapigwa mawe. Wengine husema aliponzwa na wizi; sisi tunajua aliponzwa na hesabu. Kwa hiyo sema, “Bwana, nimeteleza katika eneo la fedha.” Usije ukasema, “Bwana, mwezi wa tatu huu sijamlipa dada wa kazi, na ndiye aliyepiga pasi shati nililovaa nikitoa ushuhuda.”

Zakayo naye alikosea hapohapo. Badala ya kulia kidogo na kumkaribisha Yesu chakula, akaanza kutaja nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Baadaye uamsho wa miaka ya 1930, ule wa Gahini nchini Rwanda uliosambaa mpaka Uganda, Kenya na Tanganyika, ukazalisha walokole waliobisha hodi kwa watu wakirudisha walichoiba na kulipa madeni ya zamani. Wokovu wa namna hiyo unafilisi.

Huduma ya kwanza: ikitokea bahati mbaya ukaiona dhambi yako, usinyanyue simu. Ni kweli Mathayo sura ya 5 inataka mtu aiache sadaka madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Lakini hebu tulifanye Jumapili moja tu: kanisani angebaki mchungaji na mhasibu, na mhasibu naye angeomba ruhusa atoke kidogo.

Utajuaje kwamba umefaulu? Machozi yamekutoka, sauti imekauka, na hakuna aliyepata shilingi yake. Ukisikia Mangi amefuta jina daftarini, au dada wa kazi ameombwa radhi na kupewa mishahara yake yote mitatu, ujue kuna hatua umeiruka. Rudia tangu ya kwanza.