Barua ya wazi kwa Bunge: Makambako tunaomba gereza kubwa

Waheshimiwa Wabunge,
Dodoma.

Sisi wa Makambako na Njombe tunawapongeza, japo kwa kuchelewa, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kifungu cha 24 kimetukosha. Anayekiuka hakimiliki kwa kompyuta bila hata kutafuta faida, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Akiwa mfanyabiashara, hesabu inaanzia milioni 20 au miaka 5. Wenzenu wa mwaka 1999 walikuwa na huruma za kizamani: Sheria ya Hakimiliki ilipotungwa, milioni 5 na miaka 3 ndiyo ilikuwa mwisho wa adhabu kwa aliyevuna faida na kukamatwa mara ya kwanza. Nyinyi mkaufanya mwisho ule kuwa mwanzo, tena kwa asiyepata hata thumni.

Shida yetu ni nafasi. Makambako ni njia panda: malori ya Tunduma, mabasi ya Songea, treni ya TAZARA. Kijana wa stendi anamjazia dereva nyimbo kwenye flashi kwa bei isiyofika sahani ya chipsi. Tukiwakusanya wote, mahabusu itajaa kabla ya saa sita mchana.

Kifungu cha 10 nacho kinamkataza mtu kuwa na programu iliyoundwa au kurekebishwa ili itende kosa. Nani atasema iliundwa kwa ajili gani? Njombe tunaishi kwa mbao, na shoka linaloangusha mti wako huangusha na wa jirani. Mhunzi hatujawahi kumkamata. Kumbe tulikuwa tunazembea!

Msiwaige Wamarekani, wanalegea. Julai 2001 walimkamata Las Vegas Mrusi Dmitry Sklyarov, mmoja wa waliotengeneza programu ya kufungua vitabu vya kidijitali vyenye kufuli. Kwao Urusi haikuwa kosa. Desemba 2002 jopo la wananchi huko San Jose likaiachia huru kampuni yake, Elcomsoft, kwa kuona haikukusudia kuvunja sheria. Eti nia! (Wangekuja kwetu wajifunze.)

Basi, waheshimiwa, ama muiwekee adhabu ukomo, asiyepata faida adaiwe fidia badala ya kufungwa, na mtengeneza programu asiguswe mpaka ithibitike alikusudia wizi. Ama mtuletee saruji na nondo za gereza jipya. Mbao tunazo.

Wenu watiifu,
Abiria na mafundi wa stendi, Makambako.