Sifa za Kutu

Lulu imepata wasifu wake, na dhahabu imesifiwa hata ikatakabari; lakini kutu, ifanyayo kazi usiku na mchana bila ujira wala likizo, haijatolewa shukrani na mtu yeyote. Dhuluma hiyo nataka kuiondoa leo, nami ni mkazi wa nchi ya majani chai, ambako kutu imestarehe na Peugeot, Land Rover na pikapu za Datsun za zamani zimekuwa himaya yake.

Katika Marekani, Kanada na Uingereza watu huigharimia: wakati wa theluji serikali humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji ya chumvi hiyo hula magari. Sisi wa Kericho na Bomet tumejaliwa mvua nyingi, ukungu, mvua ya mawe, na tope lishikalo chasisi kama mwana na mamaye. Na kwa wanaosikitika kuikosa chumvi, ipo mbolea: gunia la kilo 50 likipasuka nyuma ya pikapu, chembe hujificha pembeni mwa bodi, hunyonya unyevu wa hewa, nazo, kwa kuwa ni jamii ya chumvi, hula bati hata palipokuwa na sakafu pakawa na dirisha.

Fadhila ya kwanza ya kutu ni elimu. Apandaye gari zima kutoka Litein kwenda kituo cha kuuzia majani huona mashamba tu. Apandaye gari lililoliwa huiona njia yenyewe, hujua lami iishiapo na kokoto zianzapo, na hujifunza adabu ya kuinua miguu kila afikapo dimbwini.

Fadhila ya pili ni amani. Mwizi hulipita gari hilo kwa heshima, na jamaa waliokuja kuliazima kwa ajili ya harusi, wakiuona mlango umefungwa kwa kamba, hukumbuka ghafula kwamba wana ndugu mwingine Nakuru.

Ya tatu ni riziki, kwani fundi wa jua kali mwenye mtambo wa kuchomelea husomesha watoto wake kwa viraka; na ya nne ni ibada, maana mwenye mabomba ya breki yaliyoliwa, ashukapo mteremko nyuma ya lori la majani, huomba dua ambazo hakuzikumbuka tangu utotoni.

Tena kutu haina upendeleo. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilistahimili vumbi na tope la Afrika Mashariki, kisha ikasalimu amri kwa kutu bila shangwe za watazamaji. Land Rover ilijikinga kwa bodi ya aluminiamu. Kutu ikaiachia uso wake, ikaila chasisi ya chuma.

Wako waiitao adui na mgeni. Nawajibu kwamba udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya oksaidi za chuma, ambazo ni ndugu wa kutu. Mgeni ni gari: sheria hulikataza kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane, na likishaingia, kutu ndiyo hulipa uraia.

Lakini fadhila iliyo juu ya zote ni ukweli. Muuzaji hujaza filla, akapaka rangi, akaapa kwa jina la Mungu. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara huja na sumaku mfukoni, aijaribu kila pembe aone itanata wapi na itaanguka wapi. Gari la kutu humwondolea taabu hiyo. Aibu zake zote zi hadharani, bei yake hushuka kabla ya mtu kufungua kinywa, na katika soko zima la magari ndilo pekee lisilohitaji kiapo.