Franco Nyuma ya Kochi

Sanduku la mashine ya sauti liliandikwa watt 10000. Shemeji alilipakata kwenye pikipiki kutoka Butembo hadi kwetu Vuhovi, huku akimkaripia motari kila penye shimo. Nani aliuliza hizo watt zitatoka wapi? Sisi tunaishi kwa umeme wa jua, na televisheni peke yake huilaza betri kabla taarifa ya habari haijaisha. Nyuma ya mashine, kwa herufi za kusomwa na tochi, mwenye kiwanda alikuwa amesema kweli: watt 60. Zile elfu kumi ni hesabu ya PMPO, nguvu ya kufumba na kufumbua ambayo haimsaidii msikilizaji chochote.

Ndani mlikuwa na bafle tano ndogo na ndoo moja ya besi. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaoijua Guangzhou kuliko sisi tunavyoijua Kyondo, wameleta mali hiyo kwa wingi.

Tulianza na filamu ya vita. Risasi ya kwanza ilipita juu ya vichwa vyetu, na jirani akabisha hodi akiuliza kama tunakimbia au tunabaki. Huku kwetu, eneo la Beni, mlio wa risasi si burudani. Tukazima filamu, tukaweka muziki.

Nikachagua "Mario" ya Franco Luambo, ya mwaka 1985. Loo! Besi yote ilinguruma pembeni kama lori lililokwama matopeni, gitaa la solo likawa jembamba mno, na Luambo mwenyewe, pande lile la mtu, akawa anaimba nyuma ya kochi. Mama mkwe aligeuka kumtafuta.

Kisa chenyewe si uchawi. Filamu hutaka sauti zizunguke chumba na maneno yatoke katikati, karibu na televisheni. Rumba kama hiyo ilirekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia; mashine ikiachwa kwenye hali ya filamu, inawatawanya wanamuziki kila kona. Tena bafle ya ukubwa wa ngumi haiziwezi nota za chini. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na kazi hiyo yote inaangukia ndoo.

Ndoo nayo ilikuwa na mambo yake. Kila besi ilipopiga, kitu kilicheza kayamba ndani. Tulipoiinua na kuitikisa, yakamwagika maharagwe: mtoto alikuwa ameona tundu la hewa, akapata ghala. Bafle za mbele nazo mama mkwe alikuwa ameshazivika vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye maua, kwa heshima ya wageni. Sauti nyembamba zikaishia kwenye nyuzi. Nani atamvua mama mkwe kitambaa chake? Mimi sikuthubutu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama pesa yako inatosha bafle tano dhaifu au mbili nzuri, chukua mbili. Filamu itaeleweka, na muziki utabaki muziki. Nenda dukani na flashi yenye nyimbo unazozijua, soma watt nyuma ya mashine, msikilize mwimbaji kabla hujaisikiliza besi. Muuzaji akikataa kuwasha, pita duka linalofuata.