Poti Nane

Kuta za nyumba yetu ya Tabata zilijengwa na mtu aliyeogopa wezi kuliko joto, na waifai ikizifikia inageuza njia. Kwa hiyo kila kifaa chenye haraka zake tumekivutia waya. Ruta ina poti nne tu, nazo ziliisha mapema: televisheni, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, kompyuta ya mwanangu na kiboksi cha kusambazia waifai vyumbani. Mke wangu, mhasibu, aliporuhusiwa kufanyia kazi nyumbani akakosa pa kuchomeka, ndipo swichi ikawa ajenda ya chakula cha usiku.

Swichi yenyewe haina makuu. Unaiingizia waya mmoja kutoka kwenye ruta, inakupa matundu ya kugawia wengine, na inakariri nani yuko tundu lipi ili ya kamera yasiende kwa mhasibu. Kitu isichofanya ni kuongeza intaneti. Kifurushi chetu ni cha Mbps 20. Funga swichi ya Mbps 1,000, kutoka nje zitakuja zilezile 20. Nililisema hili mezani, shemeji yangu akanitazama kwa huruma. "Shemeji, wewe unabana matumizi tu."

Shemeji ni wa wale wenye "mtu wao" Kariakoo. Mimi nilitaka poti nane, kiboksi kisicho na feni. Jumamosi akashuka kwenye bajaji na lidude la mtumba la poti 24, chuma kitupu, upana karibu nusu mita, bado lina stika ya Kijerumani ya ofisi lilikotoka. "Bei ya nane, unapata 24!" Kwa mtu anayependa hesabu za namna hiyo, hakuna jibu.

Akalichomeka. Feni zikaanza. Baba mkwe, aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, akafumbua jicho moja akauliza nani kawasha jenereta na umeme upo. Madude hayo hutengenezwa yakae kwenye chumba chake, mlango umefungwa, mahali ambapo hakuna binadamu anayesikiliza taarifa ya habari. Baya zaidi, lilikuja na mipangilio ya wenyewe: nusu ya poti zilikuwa zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe na nusu nyingine zina ukoo wao, kwa hiyo printa ikawa haiijui kompyuta iliyo pembeni yake. Mwanangu akasema kulifuta kunataka waya maalumu ambao hatuna. "Limezoea Ulaya," akasema shemeji. "Lipeni muda."

Mke wangu hakulipa muda. Tukaenda Kariakoo wenyewe.

"Karibu mama, ya poti ngapi?" Kijana akaweka juu ya kaunta swichi ya poti tano, ya plastiki, nyepesi.

"Moja inaliwa na waya wa ruta?"

"Ndiyo mama."

"Na kule kwenye ruta nako inaliwa moja?"

"Nako, mama."

"Kwa hiyo nanunua tano, napata tatu. Hizo mbili ni makato ya nini?"

Kijana akaleta ya nane bila kuulizwa. Mbele ya boksi pameandikwa "spidi kubwa" kwa herufi nyekundu. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kusoma maandishi madogo, akaligeuza. Nyuma: 10/100. Ya kwetu ilitakiwa iwe na namba ya tatu, 1000, kwa sababu mwanangu huhamisha mafaili ya video kutoka mashine moja hadi nyingine. Ilipatikana chini kabisa ya kabati, na bei yake ikashushwa kwa mapambano ambayo sikuruhusiwa kuyachangia.

Ikafanya kazi vizuri hadi dada anayetusaidia kazi alipofuta vumbi. Alikuta waya mmoja umechomekwa kwenye swichi na mwisho wake uko sakafuni. Kwa mtu nadhifu huo ni uchafu. Akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, la swichi ileile. Taa zote zikaanza kupepesa kwa kiherehere. Kiboksi cha bei hiyo hakigundui kwamba kinajisemesha. Ujumbe unatoka tundu hili unaingia lile, unaongezeka, mpaka nyumba nzima inakwama. Mke wangu alikuwa kwenye kikao. Shemeji, kwa simu, akaagiza tuzime tuwashe. Huduma kwa wateja nao wakasema tuzime tuwashe. Mwanangu akaufuata waya kwa kidole, ncha hadi ncha, akaanza kucheka peke yake.

Sasa poti inayobaki wazi imezibwa kwa selotepu, imeandikwa USIGUSE kwa mwandiko wa kihasibu. Baba mkwe ameisoma, akaomba achomekewe redio yake hapo.

"Baba, redio yako haina tundu la waya huu."

"Basi mwambie fundi aitoboe."