Tunafanya Matengenezo, Samahani kwa Usumbufu

Jamani, gemu limezima. Msinitazame hivyo. Umri wangu naujua, mvi zangu nimeshaziona kwenye kioo cha kinyozi, na ada ya shule sijamaliza kulipa. Lakini gemu limezima, na mtu mzima hata akiibiwa kandambili ana haki yake ya kulalamika.

Lenyewe ni la bure. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu huwa anaanzia hapohapo. La bure, la kwenye simu, la kupigana vikosi kwa vikosi kisiwani. Jina silitaji maana mpaka leo sijui linatamkwaje. Nililikuta kwenye simu niliyonunua mkononi kwa mtu. Jamaa alifuta picha zake, akafuta namba zake, gemu akaliacha. Nikajua simu imetoka nalo kiwandani, halifutiki, ukilifuta simu inazima. Nikaligusa. Tangu siku hiyo taarifa ya habari naisikilizia jikoni.

Sasa ikaja apdeti. Apdeti, mimi nakwambia, inatungwa na watu wenye intaneti ya bure ofisini. Kitu kimetulia, kinafanya kazi, hakina ugomvi na mtu, wao wanakiapdeti. Wameandika: maboresho pamoja na kurekebisha hitilafu. GB moja na ushee. Bando langu la wiki, lile nililomwambia mama watoto ni la kutafutia nafasi za kazi, likaondoka huku nalitazama. Asilimia moja. Mbili. Wali unapoa. Mtoto ananiita, simsikii. Ikafika mia, nikafungua.

Mtu wangu hana kichwa.

Sitanii. Kiwiliwili kipo. Bunduki ipo. Viatu vya kijani nilivyovisotea msimu mzima vipo. Kichwa hakuna. Nikasema basi hayo ndiyo maboresho, mambo ya kisasa, tuendelee. Na ngoja nikupe siri: sijawahi kucheza vizuri vile. Adui wote wanalenga kichwa! Wanapiga hewa. Mimi natembea zangu katikati ya risasi na mabega yangu mawili. Wenzangu hawakuwa na bahati hiyo. Wao walikuwa wanazama ardhini. Mtu anakimbia, mara hayupo, unabaki kusikia sauti yake tu kwenye spika akimlaani aliyebuni kompyuta.

Halafu kioo kikaganda. Likatokea gurudumu lenye meno, linazunguka, na maandishi ya Kiingereza chini yake. Nikajua ni hatua mpya. Nikaligusa. Nikaligusa mara mbilimbili kwa haraka. Nikalivuta kushoto. Nikainamisha simu. Niliendelea mpaka kidole gumba kikaanza kuwaka moto. Unacheka? Basi sikia. Tarehe 13 Oktoba 2019 wenye gemu la Fortnite waliacha kisiwa chao kizima kimezwe na shimo jeusi, na kwa karibu siku mbili dunia nzima ya wachezaji ilikaa inatazama shimo. Wengine walikuwa wanabonyezabonyeza. Na kumbe lilikuwa makusudi, walikuwa wanaandaa kisiwa kipya! Sasa mimi na gurudumu langu nimemkosea nani?

Aliyenifungua macho ni kiongozi wa kikosi chetu. Kiongozi wetu ni mtoto wa jirani, kidato cha pili. Najua. Mimi mwenyewe sikumchagua, nilimkuta. Shida ya mtoto huyu ni kwamba amelelewa vizuri mno. Akinikuta pale dukani kwa Mangi, mbele ya kina mama wanaonunua mkaa, anasimama wima, anashusha mkoba.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Anko, juzi umetuangusha sana. Wenzako wanakufa, wewe unaokota nguo."

Hapo utamjibu nini? Heshima yote imo. Hajapaza sauti. Hakuna mzazi wa kumshtakia. Na nguo niliokota kweli, ilikuwa koti zuri.

Basi akaniambia lile gurudumu ni matengenezo, seva zimeshushwa, nisome tangazo. Nikasoma. Zinarudi saa 08:00 UTC. Nikasema hilo dogo. Nikatega alamu saa nane usiku, nikalala na soksi ili nisipige hatua kwa kelele. Saa nane ikalia. Nikajifunika shuka mimi na simu. Gurudumu bado linazunguka. Nikasubiri. Mara shuka likafunuliwa.

"Baba watoto, unaongea na nani saa hizi?"

"Siongei. Nasubiri seva."

"Seva ndiyo nani?"

Nikaeleza. Na mimi nikiwa na usingizi kueleza kwangu si kuzuri. Nilimwambia hayuko peke yake, wapo wengi, wengine Ulaya, wengine Singapore, wamezidiwa na watu, sasa wamepumzishwa. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua mto wake, akaenda kulala na watoto.

Asubuhi kiongozi akanifundisha hesabu, polepole, kwenye benchi la Mangi. Anko, hiyo 08:00 ni saa ya Kizungu, kwetu inasomeka saa mbili asubuhi. Halafu hiyo UTC ni saa ya kwao huko, sisi tunaongeza saa tatu. Inakuwa saa tano asubuhi. Nikamwuliza kwa nini wasiandike tu saa tano asubuhi. Akasema watauliza wenyewe ni saa tano ya wapi. Nikakaa kimya.

Saa tano ikafika. Tangazo jipya: muda umeongezwa. Jioni ukaongezwa tena. Timu yetu inafanya kazi usiku na mchana, samahani kwa usumbufu. Mimi nilikuwa napenda kusoma zile samahani. Mtaani kwetu maji yakikatika hakuna wa kuongeza muda, maana muda wenyewe haukutajwa.

Sasa njoo kwenye grupu la kikosi. Wee! Yule ambaye hajawahi kuandika kitu zaidi ya dole gumba akaandika aya nne. Mmoja akaapa kwa kaburi la babu yake kwamba gemu hilo ndiyo basi, analifuta, asitafutwe, halafu kila baada ya muda anauliza, "Limerudi?" Mwingine akawa injinia, anasema tatizo ni seva zimejaa vumbi. Wengine wanadai fidia. Na mimi nikadai. Sijawahi kulipa hata jero kwenye lile gemu, lakini niliandika kwa herufi kubwa: TUNATAKA HAKI YETU. Nilijisikia vizuri sana. Likaja swali, nani alikuwa ndani mara ya mwisho kabla halijazima? Kimya. Halafu mtu akaweka picha ya kioo chake. Katikati ya picha, viatu vya kijani, mabega mawili, kichwa hakuna. Wakaamua ni mimi. Eti nimelemea mfumo. Eti mtu asiye na kichwa hakutakiwa kuruhusiwa kuruka na parachuti. Nikaondolewa grupu kwa muda, kupisha uchunguzi.

Nikaenda kujituliza kwa fundi simu. Ni kijana aliyesoma kompyuta chuoni, sasa anabadilisha vioo pale pembeni ya Mangi. Akaniambia bro mkubwa, wewe unalia nini? Oktoba 2021 Roblox ilizima saa 73. Kama huijui Roblox waulize watoto wako. Wakati ule zaidi ya watu milioni 50 walikuwa wanaingia humo kwa siku. Ilizima tarehe 28, ikarudi tarehe 31. Na tarehe 31 kule Marekani ndiyo sikukuu yao ya watoto kuvaa mavazi ya mizimu na kugonga milango ya watu kuomba pipi. Siku zote hizo mzazi wa Kimarekani yuko ndani na mtoto wake, wanatazamana. Nikamwonea huruma mtu mwenye gari mbili.

Sababu? Fundi alieleza na bisibisi mkononi. Kuna programu inaitwa Consul, kazi yake kuziambia seva wenzao wako wapi. Wakawasha kipengele kipya ndani yake, cha kupunguza mzigo. Nikamwambia rudia hapo. Cha kupunguza! Kumbe kwa wingi wa kazi waliokuwa nao, kikaongeza msongamano mpaka kila kitu kikakwama. Mafundi wakahisi mashine zao ni dhaifu, wakaleta zenye nguvu zaidi. Hali ikawa mbaya zaidi. Wakageukia mitambo ya kuwaonyesha tatizo liko wapi, nayo mingi ilikuwa inaitegemea Consul hiyohiyo. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi nikacheka, kwa adabu tu, kilichokuwa kinachekesha sikukiona.

Kilichonigusa ni habari ya mchawi. Maana na wao walimtafuta! Muda mfupi kabla gemu halijafa, mgahawa wa Chipotle ulikuwa umeanza promosheni mle ndani ya Roblox, wanagawa burrito za dola milioni moja. Burrito ni chapati inayofungia wali, maharage na nyama, yaani rolex ya Kampala iliyonyimwa yai. Promosheni imeanza, gemu limekufa. Watu wakakata shauri: chapati zimeangusha seva. Kampuni ikabidi itoe tamko kwamba kuzima kule hakuhusiani na ubia wa mtu yeyote. Januari 2022 wakatoa maelezo marefu, Consul, mzigo, kila kitu. Mimi nimesikiliza yote na bado nasema ni chapati. Ila angalau kule walisingiziwa chapati. Huku nilisingiziwa mimi.

Fundi akaona sijapoa, akanipa ya EVE Online. Hilo ni gemu la meli za angani, linatengenezwa Iceland. Desemba 2007 walitoa apdeti kubwa inaitwa Trinity. Kulikuwa na kosa kwenye kufuta mafaili ya zamani, ikafuta faili la Windows linaloitwa boot.ini. Bila faili hilo baadhi ya kompyuta za Windows XP zikakataa kuwaka. Mtu kaenda kutafuta meli, kakosa na kompyuta! Niliposikia hivyo nilitoa simu yangu mfukoni nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha. Fundi akaniambia nikimaliza kuichosha nimwachie benchi, kuna mteja.

Nyumbani nako si pa kukaa. Gemu likizima mtu anaonekana. Mama watoto alinitazama kwenye kochi kwa muda, akaenda, akarudi na spana. Bomba la jikoni kumbe linavuja tangu mfungo. Kitinda mimba akaniletea daftari la hesabu nisahihishe. Nikamsifu amefaulu vizuri kwa darasa la tatu. Yuko la nne. Akamwita mama yake aje anisikie. Mama watoto akasema kwa sauti, ili na majirani wafaidi, kwamba Mungu awape afya hao mafundi wa seva, wasiharakishe.

Gemu likarudi. Tena lilirudi vibaya, maana wenzetu wa Roblox walipofungua walikuwa wanaingiza watu kidogokidogo, kama asilimia kumi kumi, lakini sisi tulifunguliwa geti wote kwa pamoja. Tukaingia kwa kishindo, likaanguka tena. Lilipokuja kusimama kweli mimi niko kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja bombani, kwapa la mtu usoni. Nikaingia hivyohivyo kwa kidole kimoja. Kituo changu kikapita. Cha mbele yake kikapita.

Na fidia ipo! Wametuomba radhi, wametupa kila mtu zawadi. Nilifungua boksi natetemeka. Helmeti ya dhahabu.

Nikaivaa. Inaelea hewani. Shingo hamna, sura hamna, dhahabu inang'aa peke yake juu ya kola. Nikatafuta kwenye tangazo, nikaikuta mwishoni kabisa: hitilafu ya vichwa inajulikana, itarekebishwa kwenye apdeti ijayo. GB ngapi hawajasema.

Kiongozi alinikuta kwa Mangi kabla sijalalamika. Akashusha mkoba.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Anko, tumekaa kikao, tumekurudisha. Ila hicho kichwa usikihangaikie. Utakuwa unatangulia wewe mbele na hiyo helmeti. Wakikupiga wanakosa, sisi tunaona walipojificha."

Nikaona hapo sasa tunazungumza. Kutangulia mbele si jambo dogo. Nikamwuliza kama nafasi hiyo ina cheo. Akafikiri kidogo, mikono nyuma, kwa heshima zake zote.

"Chambo, anko."

Kina mama wa mkaa wakageuka kutazama vikapu vyao. Nikamwambia Mangi anikopeshe bando la jero, ya wiki iliyopita nitalipa zote pamoja.