Ukitaka Kuchekesha kwa Msafara, Njoo Tabora

Kwanza itazame Road to Zanzibar, filamu ya Paramount ya mwaka 1941 iliyoongozwa na Victor Schertzinger. Bing Crosby na Bob Hope ni matapeli wanaojitosa porini. Dorothy Lamour na Una Merkel ni matapeli wenzao. Hope akishindanishwa mieleka na mtu aliyevaa vazi la gorila, cheka mpaka mbavu ziume. Anastahili.

Kisha itengeneze upya, ukianza kwa kukata. Mnada ambamo Lamour anauzwa kama mtumwa, kumbe ni mbinu ya kuwala watu fedha, utoe wote. Hapa Tabora watu walipitishwa kwelikweli wakiwa na minyororo shingoni, wakielekea pwani. Hiyo si ya kuchekea.

Wapagazi, ambao kule Hollywood ni pambo tu, wasogeze mbele. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, kwa kilomita 800 hivi hadi Bagamoyo. Mtwishe Hope mzigo huo, umwache aseme mwenyewe. Anayeongoza ni kirangozi: joho jekundu, ngozi ya mbega, manyoya kichwani, ngoma nyuma yake. Crosby afuate nyuma, ajifunze kuitikia. Mandhari yapo bure: miembe ya mjini, na tembe la Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872.

Sasa mtafute mchekeshaji mkuu, na huyo usimwagize California. Ni mtani. Msafara ulipopita Uzaramo na Uzigua, Mnyamwezi alikuwa mbali na ukoo wake. Akiugua au akifa, nani angemzika? Utani ulistawi kwenye njia hiyo kwa sababu watu walihitajiana. Ndiyo maana Mzaramo anaweza kumtolea Mnyamwezi maneno ambayo jirani yake angeyapeleka kwa mjumbe, na kesho yake akawa wa kwanza kufika msibani. Hakuna mwandishi wa filamu aliyebuni kichekesho chenye mizizi mirefu kama hicho.

Kwa hiyo onyesho kubwa liwe mazishi ya mpagazi. Wafiwa wanalia, maiti imefika, na mtani ameshaingia kaburini, amejinyoosha, anadai hatoki mpaka alipwe. Watu wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Msimtoe kwa nguvu. Mlipeni, na fedha zitoke mfukoni mwa Hope.